Je, jino la pembe si dawa ya pengo?



 Wiki hii tunapenda tuzungumze juu ya jambo ambalo nyumba nyingi hulipita bila kulitazama, nalo ni vinywa vya wazee wetu.

Wahenga walisema, jino la pembe si dawa ya pengo. Walikusudia kwamba cha bandia hakijazi nafasi ya cha asili, na kwa maana hiyo methali yao ni ya kweli. Lakini tumepata kuisikia ikitumiwa kwa maana ya juu juu kabisa, ndani ya nyumba, mbele ya mzee mwenye pengo, ili kuufunga mjadala wa kumtafutia meno. Hapo ndipo tunapotaka kusimama leo. Tunasimama tukiwa na deni wenyewe, maana methali hiyo iliwahi kusemwa nyumbani kwetu, na hakuna aliyeipinga.

Nyumbani kwetu, Tanga, tulikuwa na mzee aliyewafundisha watoto wa mtaa Qur'ani barazani kwa zaidi ya miaka 30. Mtaa mzima ulimwita Bibi, nasi tutamwita hivyo hivyo. Ramadhani moja tulianza kuona mabadiliko. Wakati wa kufuturu, sinia likiwa limejaa muhogo wa nazi, ndizi mbichi na pweza, yeye alichovya kipande cha mkate katika mchuzi, akakimumunya muda mrefu, kisha akavuta bakuli lake la uji na kujitenga. Tulipomuuliza, "Bibi, mbona huli muhogo, nao ndio uliokuwa chakula chako?" alitujibu, "Nimeshiba, wajukuu zangu. Kuleni nyinyi mnaoamkia kazini."

Tukaridhika na jibu lile. Tukasema ni uzee. Nguo zake zikaanza kumpwaya, tukasema ni uzee. Akaacha kwenda kwenye shughuli za majirani, tukasema ni uzee. Mwisho akaacha hata kusomesha. Siku moja alitamka herufi ya faa ikatoka pumzi tupu, watoto wawili wakacheka, naye akafunga msahafu taratibu na kuwaambia watoto wakasome kwa mwalimu mwingine. Hilo nalo tukaliita uzee.

Aliyeugundua ukweli ni binti wa miaka 9. Alimkuta bibi yake jikoni usiku, watu wamekwishatawanyika, akiponda kipande cha muhogo katika kinu kidogo cha kutwangia vitunguu saumu. Akamuuliza, "Bibi, una njaa?" Mzee akamjibu, "Njaa ninayo, mjukuu wangu. Meno ndiyo sina."

Tulipomwomba afungue kinywa tulikuta meno manne tu, mawili yakicheza, na fizi zimevimba. Kwa miezi mingi mzee wetu alikuwa na njaa katika nyumba yenye chakula, nasi tumekaa naye kwenye sinia moja.

Uzee haung'oi meno

Jambo la kwanza tunalotaka lieleweke ni kwamba umri peke yake haung'oi jino. Gamba la nje la jino ndicho kitu kigumu kuliko vyote katika mwili wa mwanadamu, na meno 32 ya mtu mzima hayakuwekewa tarehe ya kuanguka kama yale 20 ya utotoni. Kinachoyaondoa ni maradhi, na yaliyo makubwa ni mawili.

La kwanza ni kuoza. Bakteria wa kinywani huitumia sukari tunayokula na kutoa tindikali, na tindikali hiyo hulidhoofisha gamba la jino siku baada ya siku mpaka tundu likafunguka. La pili ni ugonjwa wa fizi. Ule ukoga laini unaoshika kwenye meno usiposafishwa huganda ukawa ugaga, mgumu kama chokaa, ambao mswaki hauwezi kuutoa tena. Fizi huvimba na kutoka damu, kisha hujitenga na jino, na mfupa unaolishikilia huliwa polepole. Ugonjwa huu ni wa hadaa kwa sababu mara nyingi hauumi. Mtu hupiga mswaki, akaona damu, akaulaumu mswaki. Miaka ikapita, na jino lisilo na tundu hata moja likaanza kucheza.

Yapo mambo yanayoyaharakisha maradhi haya. Kisukari kisichodhibitiwa huuzidisha ugonjwa wa fizi, na ugonjwa wa fizi nao huifanya sukari ya mwilini iwe ngumu kudhibitiwa. Tumbaku huziharibu fizi huku ikificha dalili zake. Aidha, baadhi ya dawa ambazo wazee hunywa kila siku, zikiwemo baadhi ya zile za presha na za kupunguza maji mwilini, huwakausha mate. Mate ni kinga ya kinywa, kwani huosha mabaki ya chakula na kupunguza makali ya tindikali. Yakipungua, meno huoza kwa kasi hata kwa mzee ambaye hakuwa na tabu hiyo ujanani.

Anayetilia shaka kwamba tatizo si umri na aitazame Japani. Mwaka 1989 nchi hiyo ilianzisha kampeni iliyoitwa 8020, yenye lengo la kumfikisha mtu umri wa miaka 80 akiwa bado na meno yake 20. Wakati ule wazee waliofikia kiwango hicho hawakutimia hata mmoja katika kila kumi. Katika uchunguzi wa mwaka 2016 walikuwa zaidi ya nusu. Wajapani hawakupunguza kuzeeka. Walichobadilisha ni utunzaji. Nalo Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2022, lilikadiria kuwa asilimia 23 ya watu wenye miaka 60 na zaidi duniani hawana hata jino moja. Ni wengi mno, lakini hesabu hiyo hiyo inatuonyesha kuwa zaidi ya robo tatu bado wana meno kinywani. Kuwa kibogoyo si sheria ya uzee.

Kinachopotea pamoja na jino

Mzee asiyetafuna hubadili chakula chake kimyakimya. Huanza kuiacha nyama, kisha matunda magumu na mboga zenye nyuzi, kisha karanga na mahindi, mpaka anabaki na chai, mkate na uji mweupe. Tumbo linashiba lakini mwili haujengeki. Choo kinakuwa kigumu, nguvu zinapungua, na mzee mwenye kisukari anajikuta akiishi kwa vyakula vile vile alivyokatazwa kuvizidisha.

Usemi nao huharibika. Walimu wa tajwidi wanafahamu kwamba thaa, dhaal na dhwaa hutamkwa kwa ncha ya ulimi kugusa ncha za meno ya mbele ya juu, na faa kwa meno hayo kugusa mdomo wa chini. Meno hayo yakiondoka, mahali pa kutokea herufi pameondoka. Kwa mtu aliyeishi na msahafu tangu utotoni, hilo ni pengo kubwa kuliko lile linaloonekana akicheka.

Uso pia hubadilika. Mfupa wa taya ulioshika jino hupungua mara jino likitoka, kwa kasi zaidi katika miezi ya mwanzo, kisha polepole kwa miaka. Mashavu hubonyea, midomo huingia ndani. Mzee huanza kuweka kiganja au ncha ya mtandio mdomoni anapozungumza, halafu huacha kuzungumza. Sisi tulio karibu naye husema amekuwa mkimya.

Njia ya mkato tuliyoijaribu

Baada ya usiku ule, familia ilikaa kitako. Mmoja wetu alisema mzee amekwishakula chumvi nyingi, meno ya nini tena? Ndipo methali ya jino la pembe ilipotajwa. Mwingine akasema analifahamu duka la fundi anayetengeneza meno kwa bei nafuu na kwa siku moja. Tukaona tumepata suluhisho.

Fundi yule hakuuliza kama mzee ana kisukari wala anatumia dawa gani. Hakuyatibu meno manne yaliyobaki wala zile fizi zilizovimba. Alichukua kipimo, akatengeneza bamba lenye meno meupe ya kung'aa na kuliweka juu ya yote yale. Siku ya tatu fizi za mzee zilikuwa na vidonda. Siku ya kumi aliyavua meno yale, akayafunga kwenye leso na kuyatia mkobani, akatuambia ni mazuri sana ila anayahifadhi kwa ajili ya Sikukuu. Alikuwa akitusitiri sisi tuliotoa fedha. Tulipompeleka hospitali hatimaye, daktari wa kinywa na meno alituonyesha jipu lililokuwa likikua chini ya bamba lile.

Tunalieleza hili ili wengine wasilirudie. Kinywa ni sehemu ya mwili yenye damu, mishipa na mfupa, na anayekigusa anapaswa awe amesomea. Kinywa chenye maradhi hakifunikwi kwa meno bandia kama vile ukuta wenye ufa usivyotibiwa kwa chokaa.

Meno bandia yanavyopatikana

Safari sahihi huanza kwa uchunguzi. Daktari huangalia meno yapi yanaweza kuokolewa kwa kuzibwa au kutibiwa mzizi, kwani hata meno machache imara ni nguzo ya kuyashikilia yale ya bandia. Mzee amweleze maradhi yote aliyonayo na dawa zote anazotumia, hususan za kisukari, za presha na za kufanya damu iwe nyepesi. Asiache dawa yoyote kwa uamuzi wake mwenyewe. Na wale wanaoogopa kung'oa jino la juu kwa kuambiwa kwamba litawapofusha macho na waondoe hofu hiyo. Uoni una mishipa yake, na jino lina yake.

Baada ya kung'oa yasiyookoka, fizi huachwa zipone, kwa kawaida wiki kadhaa na pengine miezi miwili au mitatu. Ndipo huchukuliwa vipimo vya kinywa, ikapimwa namna taya zinavyokutana, na meno yakajaribiwa kwanza yakiwa yamepangwa kwenye nta kabla ya kukamilishwa. Kwa hiyo mzee hurudi hospitali mara kadhaa. Anayeahidi kuyamaliza yote kwa siku moja, muulizeni hatua gani ameiruka.

Aina zake ni hizi. Kuna seti kamili kwa asiyebaki na jino. Kuna bamba la sehemu kwa aliyebakiwa na baadhi, la plastiki ngumu au la madini. Hayo mawili huvuliwa. Kuna daraja, ambalo huunganishwa na meno ya jirani na halivuliwi. Kisha kuna vipandikizi, yaani skrubu za madini ya titani zinazopandwa ndani ya mfupa wa taya. Hivi ni imara lakini ni ghali, na havimfai kila mtu. Kwa wazee wetu walio wengi, meno ya kuvuliwa yaliyotengenezwa vizuri yanatosha kuwarudisha kwenye sinia.

Tuwe wakweli pia juu ya wiki za mwanzo. Mate hujaa, maneno huteleza, na mzee huhisi amebeba kitu kigeni. Seti ya chini husumbua zaidi, kwani ile ya juu hushikwa na kaakaa lote ilhali ya chini hukaa juu ya ukingo mwembamba huku ulimi ukiisukuma. Nguvu ya kutafuna kwa seti kamili ni sehemu ndogo tu ya nguvu ya meno ya asili. Dawa yake ni subira na mazoezi. Aanze na vyakula laini vilivyokatwa vipande vidogo, atafune kwa pande zote mbili, na asome kwa sauti kila siku ili ulimi uzoee. Penye maumivu arudi kwa daktari apunguziwe panapochubua. Asikwangue mwenyewe kwa kisu, wala asigundishe yakivunjika kwa gundi ya dukani.

Kuyatunza

Meno bandia hayaozi, lakini kinywa kinachoyabeba huugua. Yasafishwe kila siku kwa mswaki laini na sabuni ya kawaida, kisha yasuuzwe vizuri. Dawa ya meno yenye chembe ngumu huyakwaruza, na mikwaruzo huwa makazi ya vijidudu. Yasafishwe juu ya beseni lenye maji au taulo, ili yakiponyoka yasivunjike. Maji ya moto yasitumike kamwe, kwani huyapinda.

Usiku yavuliwe na kulazwa ndani ya chombo chenye maji safi ya baridi, ili fizi zipumzike. Wengi huona haya kulala bila meno, lakini kulala nayo huleta fangasi na wekundu wa kaakaa. Utafiti uliofanywa Japani na kuchapishwa mwaka 2015, uliohusisha wazee zaidi ya 500 wenye miaka 85 na kuendelea, ulionyesha kuwa waliolala na meno bandia walipatwa na homa ya mapafu takriban mara mbili kuliko wasiolala nayo. Fizi na ulimi visafishwe pia kwa kitambaa laini au mswaki.

Kwa kuwa mfupa wa taya unaendelea kupungua, meno yaliyokaa vyema leo yatalegea baada ya miaka kadhaa na yatahitaji kurekebishwa au kubadilishwa. Hivyo mzee aonwe na daktari walau mara moja kwa mwaka, hata kama hana jino la kuuma. Na kidonda chochote cha kinywani kisichopona ndani ya wiki mbili kisisubiriwe, kwani saratani ya kinywa huanza namna hiyo hiyo.

Maswali tunayoulizwa

Baadhi ya wazee huuliza: je, si kubadili maumbile aliyotuumba nayo Mwenyezi Mungu? Wanavyuoni wametenganisha baina ya kuyachonga na kuyatenganisha meno kwa ajili ya urembo, jambo lililokatazwa, na kuondoa madhara au kurejesha kilichopotea. Dalili mashuhuri ni kisa cha swahaba Arfaja bin As'ad (r.a.), aliyepoteza pua yake katika vita vya Kulab, akaweka pua ya fedha, ikawa inanuka, naye Mtume (s.a.w.) akamwelekeza aweke ya dhahabu. Kisa hiki kimepokewa na Abu Daud, Tirmidhi na Nasai. Kutokana nacho wanavyuoni wakaruhusu jino kufungwa au kuwekwa inapokuwepo haja.

Ama kuhusu udhu, katika madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu wa Pwani tunayafuata, kusukutua ni sunna katika udhu na katika josho pia. Kwa hiyo meno bandia hayazuii kusihi kwa tohara, ingawa kuyavua na kusukutua ni usafi ulio bora. Wenzetu wa madhehebu yanayowajibisha kusukutua wawaulize masheikh wao.

Sisi ambao bado tuna meno

Hapa ndipo methali ya wahenga inaporudi mahali pake. Kwa kuwa cha bandia hakilingani na cha asili, busara ni kukilinda cha asili kingali kipo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Tupige mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye madini ya floraidi, na mara ya pili iwe kabla tu ya kulala. Kijiti cha mswaki ni sunna tunayoipenda, na hukwangua ukoga vizuri. Lakini tukifikishe pia upande wa ndani na kwenye magego, tusikisugue kwa nguvu hadi kuzikwangua fizi, na tukitumie pamoja na dawa ya meno. Katika Ramadhani wengi wetu hula daku yenye tende na chai ya sukari, kisha tukalala na mabaki yake kinywani. Dakika mbili za mswaki kabla ya alfajiri zinatosha kuliondoa tatizo hilo.

Sukari tuipunguze, hususan ile inayonyonywa kidogo kidogo kutwa nzima: pipi, soda, chai tamu kikombe baada ya kikombe. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu tunayoipata katika chakula, na ikiwezekana iwe chini ya asilimia 5. Ama tambuu, tunajua ina heshima yake katika mila zetu, lakini popoo imethibitishwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani kuwa chanzo cha saratani, na tumbaku ikiongezwa humo hatari huzidi. Aliyezoea asione vibaya kuacha. Mwenyeji asione vibaya kutoandaa.

Na tumwone daktari kabla ya maumivu. Ugaga huondolewa kwa kikao kimoja au viwili, na tundu dogo huzibwa. Tukisubiri mpaka uso uvimbe, kinachobaki mara nyingi ni kung'oa.

Wajibu wa nyumba

Tunawaomba wasomaji wetu wafanye jambo moja wiki hii. Kaeni na mzee wenu, baba, mama, babu, bibi, shangazi au mjomba, mumuulize kwa adabu na faraghani: je, unatafuna? Msiulize kama ameshiba, kwa sababu mzazi aliyezoea kuwapisha wanawe atasema ameshiba. Tazameni anachokiacha sahanini.

Wakati mnatafuta tiba, chakula chake kirekebishwe: dengu na choroko zilizopondwa, samaki asiye na miba, mayai, mtindi, boga, mchicha uliokatwa laini, parachichi na papai. Chakula hicho kiletwe pale pale penye sinia, asitengewe jikoni.

Ama kuhusu gharama, hatusemi ni ndogo. Ulizeni katika hospitali za serikali zenye idara ya kinywa na meno, na mwenye bima aulize mapema inagharamia nini na nini haigharamii. Lakini tukumbushane: sisi ni watu tunaochangiana harusi, tukashona sare, tukapika pilau la mtaa mzima, na hilo ni jema. Familia inayoweza kuunda kamati kwa ajili ya siku moja ya bwana harusi inashindwaje kuchanga kidogo kidogo kwa ajili ya chakula cha kila siku cha aliyemlea bwana harusi huyo? Kuwatendea wema wazazi hakuanzii siku wanapolazwa. Huanzia kwenye tonge.

Bibi yetu alitibiwa jipu, akang'olewa meno mawili yaliyolegea, na mawili mengine yakaokolewa. Baada ya miezi mitatu alipata meno mapya. Wiki za mwanzo aliyalalamikia sana, na mara mbili aliapa kuyarudisha hospitali. Alijizoeza kwa kusoma Juzuu Amma kwa sauti chumbani kwake, mlango umefungwa, mpaka jioni moja tukaisikia faa imetulia mahali pake. Watoto walirudi barazani, si wote lakini wa kutosha. Kuna vyakula ambavyo hakuvigusa tena, na karanga alikuwa akizitwanga hadi mwisho wa maisha yake. Lakini Ramadhani iliyofuata alinyoosha mkono kwenye sinia, akachukua kipande cha muhogo, akakitafuna taratibu huku sisi sote tukijifanya hatumtazami.

Jino la pembe halikuliziba pengo lote, ni kweli. Ila lilimtosha mzee kukaa nasi, kula nasi na kusomesha wajukuu zake miaka mingine minne. Tunachojutia ni ile miezi tuliyoiita uzee.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia, awape afya waliopo, na atujaalie macho ya kuona shida ya mzee kabla hajalazimika kuisema.